Msuko wa Siafu Wamehama

Wifi yangu hakupenda kupigwa picha. Naanzia hapo kwa makusudi, maana watu wakiulizana habari zake siku hizi huanzia kwenye mkono wake mzuri au kwenye ukimya wake, na mimi huwaambia nyamazeni, aliyekaa naye ni mimi. Mwanamke anafanya kazi saluni, vioo kila upande, wateja wanajipiga picha tangu nywele zikiwa timtim mpaka wanatoka wamependeza, na yeye kila simu ikiinuliwa anainama kutafuta kitana sakafuni. Kitana anacho mkononi! Siku moja nikamwambia, "Wifi, hicho kitana unachokitafuta huko chini nadhani kimeshaoa na kuzaa." Akacheka. Simu ilipoinuliwa tena, akainama tena.

Saluni ni yangu. Ni chumba kimoja mbele na kijumba nyuma cha kufulia taulo, katika safu ya maduka inayotazama barabara. Alikuja pale mchana wa jua kali, mtoto mgongoni, mfuko mmoja mkononi, akasema, "Dada, naomba kazi. Nasuka." Wanaosema wanasuka ni wengi kuliko wanaosuka, kwa hiyo nikampa kichwa changu mwenyewe anijaribie. Nililala kwenye kiti. Mimi, ambaye marehemu mama alikuwa akisema nikifa mdomo wangu utazikwa kesho yake, nililala mbele ya wateja, na nilipoamka mistari ilikuwa imenyooka hata nikaona haya kwa niaba ya wasusi wote niliowahi kuwaajiri. Kazi akapata.

Mtoto tukamwita Chiriku, kwa sababu alipoanza kusema hakunyamaza tena. Mama mtu alisema maneno machache, mtoto akayasema yaliyobaki. Nilimuuliza yule mama, baba wa huyu yuko wapi? "Hayupo." Amekufa? "Hayupo, dada." Nikauliza na kesho yake, maana mimi nikikaa na swali tumbo huniuma, na jibu likawa lile lile kwa sauti ile ile. Nikasema basi, siri ya mtungi aijuaye kata. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba hakuwahi kukaa akaupa mlango mgongo, na Chiriku akichelewa kidogo tu kutoka shule, vidole vya yule mwanamke vilianza kukosea mistari.

Mdogo wangu wa mwisho, ambaye nimemlea mimi, anafanya kazi duka la pili kutoka langu, wanakochapa barua na kutoa nakala. Tunamwita Msomi, kwa sababu hata karatasi iliyofungiwa karanga ataisoma pande zote mbili kabla hajala. Msomi akaanza kuja saluni kuuliza kama kwetu umeme upo. Nguzo ni moja, waya ni mmoja, taa za dukani kwake zinawaka nikiziona, na yeye anauliza umeme! Nikamwacha aulize mpaka akaoa. Nimeona ndoa nyingi zikipita kwenye viti vyangu, na sijaona iliyotulia kama ile. Alimpenda yule mwanamke na akampenda mtoto wake kama wa kumzaa mwenyewe, na ndiyo maana haya ninayoyasimulia yananiuma. Angekuwa mtu mbaya ningekuwa nimeshamtukana nikapumua.

Alimfungulia mkewe blogu ya misuko, iwe zawadi. Alitaka ulimwengu uone ule mkono. Wifi alikubali kwa sharti moja: mikono na nywele tu. Sura hapana, ya kwake hapana, na ya mtoto ndiyo kabisa hapana. Msomi akaapa, na kiapo hicho hakukivunja hata mara moja, nataka hilo lijulikane. Alipiga visogo. Blogu nzima ilikuwa visogo, nikamwambia inafanana na foleni ya watu walionuniana.

Hakuna aliyesoma. Msomi alikuwa anaifungua asubuhi, anaona mgeni ni mmoja, na huyo mmoja ni yeye mwenyewe. Akanywea. Akaanza kusoma namna blogu zinavyopandishwa mpaka zionekane mtu anapotafuta jambo mtandaoni, na mtu akisoma jambo jipya lazima alimwagie mwingine, na mwingine nikawa mimi, mikono yangu ikiwa ndani ya povu.

"Kizuri chajiuza," nikamwambia, "kibaya chajitembeza."

"Hiyo ilikuwa zamani, dada. Siku hizi kizuri kisipojitembeza kinaozea kabatini."

Akanieleza kwamba ule mtambo wa kutafutia ni kama kipofu. Picha hauioni vizuri, unasoma maneno. Kwa hiyo kila picha inabidi uieleze kama unavyomweleza asiyeona: msuko gani, unaanzia wapi, unaishia wapi, ni kichwa cha mtu mzima au cha mtoto. Kichwa cha habari kiwe na maneno yale yale ambayo mtu angeyaandika akitafuta. Picha nzito zipunguzwe, kwa sababu ukurasa unaochelewa kufunguka watu wanaukimbia. Na blogu nyingine zikikutaja, mtambo unasema kumbe huyu anajulikana, unakupandisha juu. Akawaandikia wenye blogu za urembo kuwaomba wamtaje. Wengine wakakubali, wengine wakazichukua picha bila hata kubisha hodi.

Bado hakupanda. Shida, akasema, ni kwamba maneno ya kawaida yana wenyewe. Ukiandika rasta, ukiandika twende kilioni, unakuta mbele yako maelfu ya watu waliotangulia. Unatakiwa upate neno ambalo watu watalipenda lakini hakuna anayeligombania.

Neno alilipata barazani kwake, Jumapili mchana, nami nipo nimekaa nachambua mchele. Wifi alikuwa anamsuka Chiriku. Ulikuwa msuko ambao saluni hakuwahi kumsuka mteja: mistari myembamba inatoka kila upande wa kichwa, inapinda, inakutana nyuma ya sikio la kushoto, kisha inateremka pamoja. Msomi akauliza unaitwaje. Wifi alikuwa na kitana mdomoni, mawazo yako kwenye nywele, akajibu, "Siafu wamehama."

"Nani aliupa jina hilo?"

"Sisi, tulipokuwa watoto."

Msomi hakuuliza sisi nani. Alishatoka kwenda kuichukua kompyuta. Akaandika hayo maneno mawili kwenye mtambo, ukamletea habari za wadudu na dawa za kuwafukuza, msuko hakuna hata mmoja. Alirudi barazani anacheka peke yake. "Hakuna anayeligombania, dada! Neno zima ni letu!"

Akafanya kama alivyosoma. Kichwa cha habari, siafu wamehama. Chini ya picha, kisogo cha mtoto wa kike, msuko wa siafu wamehama, mistari imekutana nyuma ya sikio la kushoto. Akaandika jina lake kamili kama mwandishi, akaiweka saluni kwenye ramani, akaandika na simu na saa za kufungua. Mkewe hakusoma blogu. Aliamini kiapo cha visogo, naye alikuwa na haki ya kukiamini.

Blogu ikapanda. Msomi akawa hatembei, anaelea. Halafu siku moja akaja mteja mgeni, binti wa ofisini, akakaa kwenye kiti cha wifi na kusema, "Nataka ule wa siafu wamehama."

Kitana kikaanguka, safari hii kweli.

"Umelisikia wapi jina hilo?" wifi akauliza.

"Mtandaoni. Si ninyi mnaotokea wa kwanza?"

Alimsuka yule binti twende kilioni, akamwambia ule mwingine hausuki tena. Jioni akamwambia mumewe aliondoe jina. Aliondoe tu. Msomi alidhani ni haya, maana mkewe alikuwa mtu wa haya, akamwambia, "Mke wangu, hilo ndilo linalotuletea watu!" Akasema sawa, nitaliondoa, kwa ile sawa ya mwanamume anayesubiri mwanamke abadili mawazo. Na ili ayabadili haraka, akaja saluni siku iliyofuata na kompyuta imefunguliwa, amejawa na furaha, amwonyeshe jinsi neno lake linavyopendwa.

Kumbe mtambo humpa mwenye blogu taarifa ya maneno ambayo watu waliyaandika mpaka wakaiona. Msomi akatusomea kwa sauti, wifi akiwa na kichwa cha mteja mikononi. Siafu wamehama. Msuko wa siafu wamehama. Msusi anayesuka siafu wamehama. Siafu wamehama mtoto wa kike. Saluni ya siafu wamehama inafungwa saa ngapi.

"Na tazama hapa," akasema, "kinachonifurahisha zaidi. Kuna mtu alianza kulitafuta tangu siku ile ile nilipolipandisha, kabla hata mteja mmoja hajalijua. Maana yake hili neno lilikuwa na njaa yake tayari! Mtu alikuwa anaandika kitu ambacho mtandaoni hakipo, anaandika tena, anangoja kitokee."

Nikamwangalia wifi kwenye kioo. Alikuwa ameshika shungi la yule mteja, hasuki, hafumui, na uso wake ulikuwa umebadilika hata mteja akauliza kama anaumwa. Akaliachia lile shungi, akaenda kule nyuma kwenye taulo. Nikamfuata.

Alisimama kati ya kamba mbili za taulo mbichi. Akasema, "Wifi, hilo neno wanalijua watu watatu. Mimi, marehemu dada yangu, na mume wake."

Akanieleza yote bila kulia, na mimi ninayejua kukatiza watu sikukatiza. Dada yake alikuwa mkubwa kwake kidogo tu. Msuko ule waliubuni wao, wakisukana wakiwa wadogo baada ya kuona siafu wakihama mlangoni kwao. Dada akaolewa. Mume alikuwa mpole kwa wageni, ana adabu, anaamkia hadi watoto, na ndani ya nyumba akampiga mkewe mpaka siku moja mke hakuamka. Wakati huo Chiriku alikuwa hajaanza kutambaa. Mume akafungwa. Siku ya hukumu, akipitishwa mbele ya ndugu, alisimama karibu na wifi yangu na kumwambia taratibu, kama mtu anayeagiza kitu dukani, kwamba mtoto ni wake na atamfuata popote. Wifi hakungoja ndugu wakae kikao. Alimfunga mtoto mgongoni akaondoka.

"Chiriku si wangu wa kumzaa," akasema.

"Ni wako," nikamjibu. "Usiniudhi."

"Nilijua bado ana muda mrefu kule ndani. Ametoka, wifi. Hakuna mwingine anayeweza kuliandika neno hilo. Alikuwa anakaa pale kitandani akitutazama tukisukana, anauliza, leo siafu wanahamia wapi?"

Nilitoka mle ndani nikamshika Msomi sikio, mtu mzima, mbele ya wateja, nikampeleka nyuma akasikie mwenyewe. Sitayasimulia aliyoyafanya aliposikia. Ni mdogo wangu.

Aliifuta. Siku ile ile alifuta kila neno na kila kisogo. Kisha akatafuta kuhakikisha, na tukaonekana bado, wa kwanza, pale pale. Mtambo una kumbukumbu yake, akasema, unachukua muda kusahau. Akauandikia kuuomba usahau upesi. Akawaandikia wale wenye blogu aliowabembeleza wamtaje, sasa anawabembeleza wasimtaje. Mmoja alijibu kwa kumtania, wengine hawakujibu. Zile picha zilizochukuliwa bila hodi zilikuwa zimeshazagaa, na chini ya kila moja yale maneno yake mazuri, sikio la kushoto na mengine yote. Na kwenye nakala ya yale aliyoyafuta, ambayo mtambo ulikuwa bado unaionyesha, akakuta maoni ya msomaji aliyoyasahau, na jibu lake mwenyewe. Msomaji aliuliza: kazi nzuri sana, je, mnasuka na watoto? Msomi alikuwa amejibu: karibu sana, hata huyo pichani ni binti yetu.

Alinionyesha hilo. Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema, lakini sikulitamka. Nilimletea maji.

Tulikwenda polisi, wote watatu. Askari alitusikiliza vizuri, siwezi kumsema vibaya. Akauliza, "Amewatishia tangu atoke?" Hapana. "Amefika kwenu?" Hapana. "Mna hakika ni yeye anayetafuta?" Wifi akasema ana hakika. Askari akaweka kalamu chini na kusema kutafuta msuko si kosa, mtu amemaliza kifungo chake, akija mtuite. Tukashukuru, kama watu wanavyoshukuru wakitoka mahali hapo, tukarudi kazini.

Simu ya saluni niliipokea mimi. Ilikuwa asubuhi, maji ya kuoshea nywele yanachemka. Sauti ya mwanamume, laini, isiyo na haraka.

"Shikamoo dada. Naomba nafasi kesho. Mtoto wa kike, yuko darasa la pili."

Mdomo ukajibu wenyewe, mazoea ya biashara. "Mlete tu. Anataka msuko gani?"

"Anaujua mwenyewe."

"Basi uje naye mapema, watoto huchukua muda."

"Sina haja ya kuja naye," akasema. "Nitamkuta hapo hapo."

Simu ikakatwa. Nilisimama nimeishikilia mpaka sufuria ikafurika. Wifi alikuwa ananitazama kwenye kioo, sikuhitaji kumwambia kitu. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti chake.

Hakwenda hata nyumbani kuaga kuta. Chiriku tulimtoa shule tukisema kuna msiba, na Mungu anisamehe, sikuona kama ni uongo. Msomi alifika anakimbia na mkoba wake wa nguo begani. Alikuwa anakwenda nao, alisema, kwani yeye ni nani abaki? Wifi alimshika uso kwa mikono yote miwili. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo mbele ya mtu.

"Wewe unaonekana," akamwambia. "Jina lako liko kila mahali, umeliandika mwenyewe. Utakapokuwepo ndipo na sisi atatuona."

"Nitalibadilisha."

"Na mikono yako je? Huwezi kukaa bila kuandika, mume wangu. Nakujua."

"Basi niambie tu mnakwenda wapi. Niambie mimi peke yangu."

"Usichokijua hutakisema," akajibu. Akanikumbatia na mimi. Chiriku alikuwa anauliza nani amekufa, nani amekufa, Shangazi nani amekufa, nikamwambia aende na mama yake asimchoshe. Wakapanda gari. Mimi na mdogo wangu hatukujua hata basi watakalounganisha.

Kesho yake yule mtu akaja. Nilikuwa nimejiandaa kuliona jitu, na kumbe ni mtu wa kawaida, shati limepigwa pasi, viatu safi. Aliinama mlangoni akasema, "Shikamoo dada." Nikaitika marahaba! Hadi leo nikilikumbuka neno hilo nataka kujipiga kofi. Alikaa kwenye benchi la wateja, akakitazama kiti kimoja baada ya kingine, akaitazama ile aproni iliyokunjwa.

"Ameondoka," akasema. Hakuuliza.

Askari tuliwaita, wakaja, wakamhoji. Akajibu kwa adabu kwamba yeye ni mzazi anayemtafuta mwanawe, akatoa vitambulisho vyake. Wakamwonya asitusumbue. Akasema hatasumbua mtu, na kweli hakusumbua. Akapanga chumba mtaa wa pili. Siku nyingi utamkuta ng'ambo ya barabara kwa fundi viatu, amekaa, kiatu kimoja mguuni na kingine kwa fundi, anatazama upande wetu.

Kwa Msomi anaingia kutoa nakala. Mara ya kwanza alimwambia, "Wewe ndiye uliyeandika? Hongera. Nilitafuta sana, kaka, na hakuna aliyenisaidia ila wewe." Msomi alimrukia, na wateja wakawaachanisha. Yule mtu akakusanya karatasi zake, akapangusa shati. Wiki iliyofuata alirudi, akalipa nakala zake, akasema kwa upole, "Wewe unamtafuta mke, mimi namtafuta mwanangu. Ukimwona mmoja, na mwingine yupo. Mimi sina ujuzi wako. Nitangoja tu."

Na hapo ndipo ninapoogopa kweli. Simwogopi yule mtu kama ninavyomwogopa mdogo wangu. Kwa sababu Msomi anamtafuta mkewe. Nimemkataza, nimemgombeza, nimemlilia. Anasema, "Dada, naangalia tu kama wako salama." Anajua namna mambo yanavyojificha mtandaoni na namna yanavyojitokeza, anajua uandike neno gani na uache lipi, na hamu aliyonayo haimpi usingizi. Amekonda. Akimpata hataweza kukaa na siri hiyo. Atacheka barabarani, atanunua tiketi, ataondoka siku moja bila kuaga, na ng'ambo ya barabara kuna mtu ambaye kazi yake ni kumtazama usoni.

Juzi mchana aliingia saluni mbio, kompyuta kifuani, machoni ana mwanga ambao sikuuona tangu waondoke. Akafunga mlango. Nikachungulia dirishani: yule mtu alikuwa pale pale, kiatu kwa fundi, ameinua kichwa.

"Dada, tazama," Msomi akanong'ona. "Nadhani nimempata."

Ilikuwa picha aliyojipiga msichana mmoja, mteja wa saluni ya mbali sana, kwenye mji ambao hata kuutamka ulinipa shida. Amegeuza kichwa kuonyesha nywele zake. Si siafu wamehama, la, wifi si mjinga. Ni mistari ya kawaida tu ya kurudi nyuma.

"Jina la msusi hakuliandika," akasema. "Lakini wewe umekaa naye pale miaka yote, dada. Unaujua mkono wake kuliko mimi. Huu si wake?"

Mkono wa msusi haufichiki kwa msusi mwenziwe. Unauona kwenye namna mstari unavyoanza, namna ngozi inavyoachwa ipumue. Niliitazama ile picha, na moyo ukaniruka, nikataka kupiga kigelegele. Wako hai. Anasuka. Ana kazi, ana kiti, amepata mtu wa kumpa kichwa. Nikajifanya nakohoa.

"Huu?" nikasema. "Mdogo wangu, unamtukana mke wako. Hebu tazama mstari huu ulivyopinda. Huu ni mkono wa mwanafunzi."

"Una hakika?"

Nikamtazama machoni, yale macho niliyoyapangusa tongo tangu akiwa mtoto. "Si wake."

Aliinama juu ya kompyuta kwa muda. Ule mwanga ukamtoka usoni taratibu, nami nikakaa nikiutazama ukitoka mpaka ukaisha. Akaifunga ile picha. Akasema basi, kesho atajaribu kwa maneno mengine.

"Jaribu, mdogo wangu," nikamwambia, nikamfungulia mlango. Na kila atakachoniletea nitamjibu hivyo hivyo.